Mashini tano, na mimi sikalii hata moja

*Barua ya msomaji*

Yaya, mkubwa wangu, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, ninakaa Lubumbashi, huku Kongo, komuni ya Kenya. (Wasomaji wa mbali wasichanganye: Kenya yetu ni mtaa wa hapa hapa, wala hauhitaji pasipoti.) Nina atelie ya kushona karibu na soko. Nilianza na mashini moja ya miguu aliyoniachia mama. Leo nina tano, na mabinti wanne wanashona pamoja nami, mmoja bado anajifunza. Nikipita barabarani wananiita Patroni. Ungefikiri nina furaha. Sina.

Siku yangu inaanza kwa kutazama kama umeme upo. Kama haupo, natafuta mafuta ya jenereta, au tunarudi kwenye mashini za miguu na zile za umeme zinalala. Halafu simu. Huyu anauliza libaya yake, vazi la kike la kushonesha, imefika wapi. Yule ambaye libaya yake iliisha tangu sikukuu ya wanawake ya tarehe 8 Machi hapokei, kwa sababu hajalipa. Kila wiki napanda gari kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutafuta vitambaa, zipu na vifungo. Ni kilomita kama 90 tu, lakini malori ya shaba yakipanga foleni unarudi usiku. Anakuja mtu wa patente (ile kodi ya biashara ndogo), anakuja mwenye nyumba, binti mmoja anaomba franga za mbele kwa sababu mtoto ana malaria. Jioni nahesabu. Tangu Pasaka sijakalia mashini siku nzima hata mara moja.

Zamani haikuwa hivi. Baba alikuwa mtu wa kiwandani, miaka 26. Mshahara ulipoanza kukatika miaka ya 1990, mama alitoa mashini yake nje, barazani, akaanza kushonea majirani. Mimi nilikuwa chini ya meza, naokota pini. Alinifundisha kukata bila karatasi: unamtazama mtu, unapitisha mkono hewani, ndipo unashika mkasi. Bado nakata hivyo.

Mwaka jana, mwezi wa saba, alikuja binti wa harusi ambaye bega lake moja liko chini ya lingine. Mafundi wawili walikuwa wamemwambia ajifunike mtandio. Nilikaa naye mpaka saa sita usiku, napunguza huku, naongeza kule, nafumua, narudia. Alipojitazama kwenye kioo alinyamaza. Mama yake ndiye aliyeanza kuimba. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikuisikia njia. Nilimtoza dola 35, kitambaa kilikuwa chake. Sijui kwa nini nakuandikia hilo, si swali langu.

Swali ni hili. Shule moja ya mtaani inataka inifomu 240, bluu na nyeupe, ziwe tayari kabla masomo hayajaanza Septemba. Watalipa dola 9 kila moja. Kitambaa, nyuzi na vifungo vinakula 6, binti anayeshona nampa 1.5, mimi nabaki na 1.5. Nusu ya pesa wanatoa mbele, nusu "wazazi wakishalipa". Itabidi niongeze mashini mbili, na zamu yangu ya likelemba (tunachanga pesa, kila mmoja anapokea kwa zamu) inafika mwezi wa saba, inatosha. Akina mama wa likelemba wanasema nikikataa nitakuwa mjinga, kwamba biashara isiyokua inakufa.

Bwana yangu yuko Kolwezi tangu mwaka juzi, ni dereva. Anasema: funga hiyo kitu, hamia huku na watoto, mshahara wangu unatosha. Baba, ambaye sasa ni mzee, anasema kile alichosema siku zote: kushona si kazi, ni kujitafutia.

Yaya, nimechoka kulisha mashini ili mashini zinilishe. Biashara ya namna hii ina maana gani? Mtu anaweza kupenda kazi yake mpaka mwisho, au hayo ni maneno ya watu wa televisheni? Na nikifunga, wale mabinti wanne nawaambia nini?

Mama ametutoka sasa ni miaka miwili. Kwenye sanduku lake kuna libaya aliyoikata, bado ina pini. Sijaigusa.

Mshonaji wa Kenya, Lubumbashi

*Jibu*

Mdogo wangu,

Aksanti kwa kuniandikia usiku, maana barua hii haikuandikwa mchana, inasikika. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nyekundu nikapiga mstari kila mahali sauti yako inapobadilika. Kalamu ilipita juu ya Kasumbalesa na mtu wa patente bila kusimama, ikasimama kwa yule binti mwenye bega moja chini.

Kama nimekuelewa, mambo yako ni haya. Atelie imekua mpaka imekutoa kwenye mashini na kukuweka kwenye simu. Sasa kuna mlango wa kuikuza zaidi, kuna mlango wa kuifunga, na katikati uko wewe, unayeuliza kama kitu chenyewe kina maana. Kila mtu amekupa jibu lake: likelemba wanasema kua, bwana anasema funga, mzee anasema hukuwa na kazi tangu mwanzo. Nimetafuta jibu lako mwenyewe humo ndani na nimelipata mahali pamoja tu, pale uliposema "si swali langu".

Lakini tusikimbie. Ingekuwa rahisi nikuambie rudi kwenye mashini, utapona. Sina hakika. Usiku ule wa harusi ulikuwa usiku mmoja wa mwaka mzima, na kumbukumbu inajua kupiga pasi. Hukuniandikia kuhusu suruali za kukunja pindo, wala kuhusu mgongo, wala kuhusu mteja aliyenona akasema umeharibu kitambaa chake. Mashini nayo ina siku zake mbaya, na wewe uliyeokota pini chini ya meza unazijua kuliko mimi. Huenda kilichokurudisha nyumbani bila kuisikia njia hakikuwa kushona kwenyewe. Huenda ni kutatua kitu kilichowashinda wengine wawili. Au uso wa yule mama anayeimba. Chunguza ni kipi, kwa sababu kila kimoja kinakupeleka upande wake: anayependa kutatua magumu anaweza kuwa na mashini kumi, mradi magumu yaletwe kwake.

Sasa niguse neno la mzee. Usinielewe vibaya, simgombanishi na mtoto wake. Ila mimi nimekulia Katuba, komuni nyingine ya hapa, na neno *kazi* katika jiji hili nalijua harufu yake. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilianza kuwataka wafanyakazi waje na wake zao na wakae, ikawapa nyumba, posho, hospitali, shule ya watoto. Babu zetu waliiita kampuni baba na mama, tena bila mzaha. Kazi ikawa na king'ora, na namba, na mwisho wa mwezi. Kila kilichobaki, yule anayeuza, anayekaanga, anayeshona, kikaitwa kujitafutia, hata siku ambayo ndicho kilichopika bukari, ugali wetu, nyumbani. Kwa hiyo uliponiuliza biashara hii ina maana gani, nilijiuliza: anayeuliza hapa ni nani? Wewe, au mzee aliyekaa kwenye kiti chake akitazama mashini ya mke wake ikilisha nyumba? Huenda neno lake lina dharau. Huenda lina aibu ya zamani ambayo hakupata mtu wa kumwambia. Siku moja ya utulivu muulize alijisikiaje asubuhi ile mama alipotoa mashini barazani. Anaweza asijibu.

Tuje kwenye hesabu, maana naona marafiki zako wa likelemba wamehesabu haraka haraka. 240 mara 1.5 ni dola 360. Ukishona wiki sita, ni dola 60 kwa wiki. Je, ndani ya ile 1.5 umeshatoa mafuta ya jenereta, nauli ya Kasumbalesa, kodi ya nyumba? Sikuona. Na kuna kitu kingine kilichonikalisha chini. Shule italipa jumla dola 2,160, nusu yake ni 1,080. Lakini kila inifomu inakugharimu 7.5 kabla hujala chochote, na hiyo ni 1,800. Tofauti ni dola 720. Pesa hiyo inatoka wapi, mdogo wangu? Kutoka kwako. Yaani wewe, mwenye mashini tano, ndiwe utakayeikopesha shule, mpaka wazazi walipe, na wazazi wa Septemba unawajua, wewe mwenyewe ni mmoja wao. Na likelemba yote itakuwa imeshageuka mashini mbili.

Halafu angalia majira. Julai na Agosti ni kiangazi, harusi zinapangana kila Jumamosi. Libaya mbili za dola 35 kwa wiki ni dola 70, kitambaa kinaletwa na mteja, hukopeshi mtu. Inazidi inifomu. Najua utasema wateja wa dola 35 hawaji wawili kila wiki, na ni kweli, wengine wanaomba bei ishuke mpaka unaona aibu kwa niaba yao. Tena libaya ya namna hiyo huwezi kumwachia binti anayejifunza, wakati inifomu ataishona na mkono wake utakomaa. Inifomu zina uzuri huo, na zinarudi kila mwaka. Hesabu yangu haifungi mlango wa shule. Inasema tu kwamba "kukua" kunaweza kukuletea jasho lingi kuliko pesa, na kukuchukulia ile miezi ambayo watu wenye mabega magumu wanakuja.

Kuna njia za katikati. Unaweza kuiambia shule inunue kitambaa yenyewe, wewe utoze mkono tu. Unaweza kukubali nusu, 120, bila mashini mpya. Unaweza kuomba avansi inayofunika gharama zote. Hatari unaijua: Kenya haina upungufu wa mafundi, na mkurugenzi anaweza kuvuka barabara akampata mwingine asiyehesabu. Ukimkosa mteja wa namna hiyo utaumia wiki moja au mbili. Ukimpata bila masharti unaweza kuumia mpaka Desemba. Mimi sijui kipi unakiweza zaidi.

Kuhusu wale mabinti, nina swali ambalo halikuwa kwenye barua. Kati ya wanne, hakuna hata mmoja anayependa simu? Kila atelie ina mmoja ambaye mshono wake ni wa kawaida lakini wateja wanamlipa bila kugombana, na akienda sokoni anarudi na chenji. Kama yupo, labda simu ni yake na mashini ni yako. Ataomba mshahara mkubwa kuliko wenzake, na wenzake watanuna. Atawajua wauzaji wako wa Kasumbalesa, na siku moja anaweza kufungua chake mtaa wa pili na kuondoka na wateja. Imewatokea wengi. Ukichukua njia hiyo, ichukue ukijua, na daftari la madeni libaki kwako. Hayo madeni ya tarehe 8 Machi pia, kabla ya kununua hata sindano mpya, tuma mtu mpole na asiyechoka ayafuate. Kila mwaka akina mama wote wanataka kikwembe (kitenge) cha siku hiyo kishonwe kwa wiki moja, na kila mwaka fundi analia Aprili. Nusu mbele kabla ya kukata. Hilo sioni la kujadili, samahani.

Na Kolwezi. Usimcheke bwana yako kwa ile "hiyo kitu". Mtu aliye mbali kilomita 300 na watoto wake, miaka miwili, anaweza kutumia neno baya kwa jambo zuri: anawataka. Ila amefunga mambo mawili katika fundo moja, kufunga atelie na kuhamia kwake, na mimi ningejaribu kulifungua. Mashini inapanda lori. Kolwezi watu wanaoana pia. Hatari ni kwamba utaanza upya bila jina, na utategemea mshahara mmoja, na wewe ulikuwa chini ya meza siku nyumba yenye mshahara mmoja ilipougua. Kubaki nako kuna gharama, ndoa ya kwenye simu inachakaa mahali ambapo hamuoni. Mketi, kwa siku mbili au tatu, uso kwa uso. Na kama kuna mtu wa ukoo anayekuambia mke anaomba ruhusa ya mume ili afanye biashara, mwambie habari yake ni ya zamani: tangu sheria ya familia ilipobadilishwa mwaka 2016, kinachotakiwa ni wawili waelewane. Sheria haiwezi kukaa mezani kwa niaba yenu, lakini angalau inajua kwamba viti ni viwili.

Umeuliza kama mtu anaweza kupenda kazi yake mpaka mwisho. Niliuza makala, yaani mkaa, Katuba miaka minne. Sikupenda hata siku moja. Nilikuwa mweusi mpaka ndani ya masikio. Lakini makala yale yalimsomesha mdogo wangu wa kiume, na kila nilipofunga gunia nilijua linakwenda wapi, na hilo lilinitosha miaka ile minne. Mwaka wa tano asingekuwa shuleni tena, na gunia likawa gunia. Niliacha. Kwa hiyo sikuambii kwamba ni lazima uifurahie atelie. Nakuuliza gunia lako linakwenda wapi sasa hivi. Zamani ulijua: kwa mama, kwa kuonyesha ulichojifunza. Halafu angalia tarehe. Mama amewatoka sasa ni miaka miwili. Bwana ameondoka tangu mwaka juzi. Ndani ya muda huo huo atelie ilikua, na wewe ukahamia kwenye simu. Umeandika aya nzima kuhusu inifomu na mistari mitatu kuhusu mama, tena chini kabisa, kama mtu anayesahau mwavuli. Msiba unajua kuvaa nguo za kazi ukaonekana kama uchovu. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Lakini nisingependa uuze mashini tano kwa sababu ya huzuni, halafu ukaikuta huzuni inakungoja Kolwezi.

Shule inataka jibu lini? Kama una wiki tatu, zitumie hivi. Siku moja kila wiki, tuseme Jumanne, simu abaki nayo mwingine, wewe ukalie mashini ya miguu tangu asubuhi. Mabinti watashangaa, waache washangae. Pembeni weka daftari: pesa iliyoingia, saa zilizokwenda, na alama yoyote ya kwako, nukta au msalaba, pale ulipojisahau. Ukifika wiki ya tatu na hakuna nukta hata moja, hilo pia ni habari, niandikie. Usimwonyeshe mtu wa likelemba.

Na ile libaya iliyo kwenye sanduku. Sikuambii uimalize, wala uiache. Pini zikikaa muda mrefu zinatia kutu kwenye kitambaa, wewe unajua. Ila nimeisoma barua mara tatu nikitafuta jambo moja ambalo hukuliandika: mama aliikata kwa vipimo vya nani?

Yaya wako